Tangi Lililovaa Mahameli

"Tangu nishike sindano," Sponji alitangaza, kipande cha mkate kimeinuliwa juu kama mtu anayeapishwa, "sijawahi kuvisha kitu nikakosea. Makochi ya maharusi, viti vya ofisi, kiti cha daktari wa meno, hadi tandiko la punda. Nikivisha, nimevisha!"

"Hakuna aliyekuuliza habari za punda," mkewe akamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe. "Nimekuuliza habari za umeme."

Sponji si jina alilopewa na mama yake. Ni fundi makochi, na ana ule ugonjwa wa mafundi makochi: kila kilicho laini mbele yake lazima akibonyeze kwa kidole gumba, apime kimejazwa nini. Akienda kumwona mgonjwa, hubonyeza godoro kwanza ndipo amsalimie mgonjwa. Mkate hubonyeza. Shavu la mtoto wa watu hubonyeza, kisha hutikisa kichwa kwa masikitiko, kana kwamba wazazi wametumia sponji ya bei rahisi.

Asubuhi hiyo aliyebonyezwa alikuwa yeye. Ukutani kwenye korido, mita ya umeme, ile ya kulipia kwanza ndipo uwake, ilikuwa imewasha taa nyekundu na inalia pii, pii, pii, kama kifaranga kilichopotezana na mamaye. Na mkewe alikuwa ameilisha juzijuzi tu. Mkewe anauza dawa kwenye duka la dawa, na amezoea kuzungumza na kila mtu kana kwamba ana homa: taratibu, kwa upole, na bila kumpa nafasi ya kukataa sindano.

"Umeme wetu," alisema, "unaishia kwenye hodhi lako."

Hapo Sponji akaweka mkate chini. Mtu umtukane yeye, sawa. Umtukanie hodhi lake? Hapana.

Hodhi hilo alilipata kwenye nyumba ya wageni ya zamani iliyokuwa ikivunjwa. Alikuwa amewashonea viti vyao vyote, akaambiwa achague chochote kilichobaki, na macho yake yakaangukia pale: hodhi jeupe la kuogea, refu kama jeneza la mtu mnene, lenye miguu minne ya simba. Lilipofika nyumbani ilibidi fremu ya mlango wa bafuni ing'olewe ndipo lipite. Akaliita Manowari. Tangu siku hiyo, kila jioni akirudi karakana na mabaki ya sponji masikioni, hulijaza maji moto mpaka kidevuni, hulala humo na kuimba. Na kulijaza mara moja kulimaanisha kulikamua tangi lote la maji moto lililoko darini mpaka tone la mwisho. Hita ikianza kuchemsha upya, mita huanza kukimbia kama imeona nyoka. Wengine waliobaki nyumbani, yaani mkewe na shemeji yake, huoga yale yanayofuata. Shemeji huyaita maji ya huruma.

Huyo shemeji, mdogo wa mke, alihamia kwao ili awe karibu na chuo. Ana mdomo usiolala. Yeye na Sponji walitaniana tangu siku ya mahari na hakuna aliyewahi kukubali kushindwa.

"Sikilizeni nyote," mkewe akasema. "Leo nanunua umeme. Ukifika siku yangu ya mshahara, Manowari inabaki. Usipofika, kaka anakuja na pikapu yake kuichukua. Mbuzi wake hawana chombo cha kunywea maji."

Sponji alishika meza. "Mbuzi? Manowari inywewe na mbuzi?"

"Watakuwa mbuzi wa kwanza kunywa maji huku wameegemea," shemeji akasema.

"Wewe nyamaza! Huko shuleni kwenu hawafundishi kunyamaza?"

"Walifundisha, shem. Siku hiyo nilikuwa napiga soga."

Mkewe aliendelea kama hakusikia. "Na dawa yake ni rahisi, wala haina machungu. Oga kwa ndoo kama binadamu wengine. Hita izimwe, iwashwe kidogo tu kabla ya kuoga. Na lile bomba la maji moto la jikoni linadondosha kutwa kucha, likazwe. Basi, umepona."

"Hizo ni dawa za kutuliza," Sponji akasema, akasimama kabisa, maana hotuba yake ilikuwa haifai kutolewa mtu akiwa amekaa. "Ugonjwa wenyewe uko juu ya dari! Mke wangu, niambie, chupa ya chai inashikaje moto? Imevaa! Mtoto mchanga anafunikwa kwa nini? Avae! Sasa tangi letu liko huko juu, bati linapuliza baridi, na lenyewe liko uchi wa mnyama. Mnachemsha maji ya kupasha joto popo! Mimi nitalivisha koti. Joto litakaa ndani kama mkwe aliyekuja kutembea. Mtaoga mpaka mchubuke, na mita italala usingizi."

Kilichomkera mkewe ni kwamba maneno hayo hayakuwa ya kijinga. Aliyageuza kichwani, akayatafuta kasoro, akakosa.

"Haya," akasema. "Vaa wewe, livae tangi, vaeni wote. Lakini umeme ukiisha kabla ya mshahara, pikapu."

"Pikapu," Sponji akakubali, akapeana naye mkono kama wafanyabiashara.

*

Fundi mwingine angechukua blanketi kuukuu na kamba ya katani, akafunga tangi kama mzigo wa kuni, akashuka. Sponji? Thubutu.

Kwanza alikwenda duka la vifaa vya ujenzi, akaomba kuonyeshwa tangi la aina ileile la kwake, akalipima kwa futi: kimo, kiuno, shingo, mabega. Mwenye duka alimwangalia akilibonyeza kwa kidole gumba, akamwuliza kama analinunua au analiposa. Sponji alikuwa ameshaondoka duniani, yuko ndani ya koti.

Karakana ilifungwa kwa wateja. Makochi ya watu yalisimama uani yakiwa na mifupa nje, kila moja likisubiri ngozi yake, na fundi anashonea tangi. Ndani aliweka sponji nene ya daraja la kwanza. Juu yake mahameli ya rangi ya zambarau iliyoiva, ile ya kuvalishia makochi ya watu wenye ngazi ndani ya nyumba. Akaipigilia vifungo vilivyozama kwa mpangilio wa almasi, kama mgongo wa kiti cha mfalme. Chini akazungusha marinda. Shingoni akaweka kola.

"Kola ya nini?" shemeji akauliza alipoitwa kuona. "Linakwenda kuhojiwa kazi?"

"Joto hupanda juu, mtoto wewe. Linatokea shingoni."

"Na marinda?"

Sponji akafikiri. "Marinda ni heshima."

Mbele akaacha kidirisha kidogo chenye kifuniko cha kufunga kwa kifungo, ili mtu aweze kuifikia ile swichi ya kuzungusha inayopandisha na kushusha joto. Zipu hakuweka. Zipu ni za mabegi, alisema. Kochi la kweli hushonwa kwenye mwili wake, kwa mkono, kwa sindano iliyopinda, na likishashonwa limeshonwa.

Jumamosi, mkewe akiwa dukani kwake, shughuli ikafanyika. Shemeji alizima hita kwa swichi ya ukutani, akashika ngazi kwenye korido, na Sponji akapanda na koti kichwani, tochi mdomoni, sindano kwenye ukosi. Akaingia kwenye kile kishimo cha dari, miguu ikamezwa, akapotea.

Nyumba yao ni pacha. Upande mmoja wanakaa wao, upande wa pili anakaa jirani, mama mmoja anayefundisha watu udereva. Ukuta unaowatenganisha ni mnene kweli, lakini mjenzi aliufikisha kwenye dari akachoka. Hivyo huko juu, chini ya bati, hakuna kwako wala kwangu. Ni ukumbi mmoja mrefu wa giza na vumbi, na katikati yake matangi mawili, kila moja upande wa mwenyewe, yanayofanana kama mayai ya kuku mmoja.

Sponji alitambaa akielekea kwake, sawasawa kabisa, na angefika. Ila mjusi alikuwa amelala kwenye boriti, na mwanga wa tochi ulimwamsha vibaya. Mjusi akaruka. Akatua ndani ya kola, si ya koti, ya Sponji. Kilichofuata huko juu hakikuonekana na mtu, lakini kilisikika: kishindo, vumbi likamwagika mpaka kwenye nywele za shemeji, na mwanamume mzima akizunguka kwa magoti na kuita jina la bibi yake marehemu.

"Shem! Umekufa?"

"Niko sawa! Nilikuwa napima nguvu ya mbao!"

Mjusi alipotoka kwenye mkono wa shati na kwenda zake, Sponji aliokota tochi, akapangusa mate, akamulika mbele. Na hapo, kama vile lilikuwa likimngoja, likasimama tangi. Lilikuwa jeupe, la mviringo, lenye mabega mazuri. Na lilikuwa la jirani.

Alilishika. Lilikuwa la moto. "Ona," akanong'ona kwa huruma, "hita imezimwa na bado linavuja joto namna hii. Masikini ya Mungu." Akalivisha. Koti lilikaa kama limezaliwa nalo. Akapitisha sindano iliyopinda kuanzia marinda hadi kola, mshono kwa mshono, akiimba. Kisha akafungua kidirisha, akaikuta swichi ya joto imezungushwa hadi mwisho, pale maji yanapofaa kunyonyolea kuku. Akairudisha katikati, kama alivyosikia kuwa inatosha kabisa kwa ngozi ya mwanadamu. Akafunga kifungo. Akalimulika kwa tochi kutoka pande zote, akashuka ana utando wa buibui kwenye nyusi na furaha ya mtu aliyemwoza binti yake.

"Washa hita," akamwamuru shemeji. "Na kuanzia leo isizimwe tena!"

"Isizimwe? Dada alisema..."

"Dada yako alisema hayo tangi likiwa uchi. Sasa limevaa. Ukilizima unalikatisha tamaa."

*

Siku zilizofuata zilikuwa za raha tupu, na raha yote ilikuwa ya mtu mmoja. Sponji aliona hapana sababu ya kujinyima wakati koti linafanya kazi. Jioni akaoga kama kawaida. Kisha, kwa kuwa maji yalikuwa yapo tu huko juu yamekumbatiwa na mahameli, akaanza kuoga na asubuhi. Manowari ikawa inatia nanga mara mbili kwa siku.

"Mnausikia utofauti?" aliuliza kila mara akitoka bafuni anafuka moshi kama mkaa uliomwagiwa maji.

"Mimi naona ni yaleyale," mkewe akasema.

"Kwa sababu hujui kuyasikiliza. Haya yana ulaini. Ni maji yaliyopumzika."

Shemeji naye alikiri kuwa yamebadilika. "Zamani yalikuwa yananichoma mkono mmoja. Sasa yananichoma yote miwili. Shem, hivi uliipunguza ile swichi kweli?"

"Niliipunguza kwa mkono huu huu!"

"Basi huenda tangi limesikia joto la koti likapandwa na presha."

Mita, kwa upande wake, haikulala. Ilikimbia. Namba zilishuka mbele ya macho ya Sponji kama mtu anayeteremka ngazi akiwa amechelewa. Mwanzoni alidhani imeharibika, akaipiga kofi. Namba zikashuka palepale mbele ya kofi. Akaanza kutafuta mchawi.

Wa kwanza kushikwa alikuwa pasi. Pasi ikafungiwa kabatini, na Sponji akaenda kazini na shati lililokunjamana mpaka mteja mmoja akamwuliza kama ni kitambaa kipya cha makochi. Namba zikashuka. Wa pili, chaja ya simu ya shemeji.

"Hii ndiyo inatunyonya!"

"Shem, hiyo ikinyonya siku nzima haifikii unavyonyonya wewe kwa kuosha sikio moja."

Namba zikashuka. Jokofu likahojiwa. Redio ikazimwa. Taa ya sebuleni ikatolewa kabisa, wakawa wanakula wanapapasana, na mkewe siku moja akapaka siagi kwenye mkono wa mdogo wake. Mabomba yote Sponji aliyakagua, isipokuwa lile la jikoni linalodondosha, kwa sababu lilitajwa na mkewe na kulikaza kungekuwa kukubali.

Upande wa pili wa ukuta, maisha yalikuwa mengine. Mwalimu wa udereva ni mama mwenye sauti ya honi. Kutwa anakaa kiti cha abiria akiwapigia kelele watu wanaotaka kumuua bila kukusudia, na akirudi hutaka kitu kimoja tu, maji ya moto mgongoni. Alimkuta mke wa Sponji kwenye kamba ya kuanikia nguo.

"Jirani, mimi umeme wangu umepata akili," akamwambia. "Mwezi huu unatembea gia ya kwanza! Sijui wamerekebisha nini huko."

"Wetu unateremka mlima bila breki," mke wa Sponji akasema.

"Poleni. Na lile koti la tangi ulilonisimulia je?"

"Koti lipo. Fundi anasema linahitaji muda kuzoea mwili."

*

Siku yenyewe ilifika asubuhi, na mshahara bado ulikuwa mbali, hauonekani hata kwa darubini. Usiku umeme ulikuwa umekwisha kimyakimya, bila hata ile pii ya kuaga. Sponji hakujua. Jioni iliyotangulia alikuwa amelikamua tangi lote kama desturi. Asubuhi hiyo akaingia Manowari, akaokoa vuguvugu kidogo lililobaki kwenye bomba, akajipaka sabuni kuanzia utosini hadi kisiginoni, povu likasimama kichwani kama kilemba, akafunga macho, akafungua maji kwa nguvu zote.

Yakaja ya baridi.

Yowe lililotoka hapo halikuwa la fundi, wala la baba wa nyumba. Jirani aliruka kitandani kwake akikanyaga breki isiyokuwepo. Alipotokea mlangoni kwao na khanga begani, alikuta familia yote kwenye korido: mke wa Sponji mbele ya mita iliyokufa, simu mkononi; shemeji ameegemea ukuta anacheka bila sauti; na Sponji mwenyewe amejifunga taulo, povu tele, anatetemeka mpaka sabuni inarukia watu.

"Nani kagongwa?" jirani akauliza.

"Manowari," shemeji akasema. "Imezama."

"Mke wangu," Sponji akalia, meno yakigongana, "usimpigie. Nipe wiki moja. Nusu wiki!"

"Tulipeana mkono," mkewe akasema, na kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza namba. Upande wa pili simu ikapokelewa. "Halo, kaka? Shikamoo. Nzuri. Sikiliza, ile pikapu leo ina kazi?"

Sponji aliufumba uso kwa mikono miwili. Aliona wazi kabisa, kupitia povu, ndevu za beberu zikidondosha matone juu ya lile jeupe lake.

"Jamani, kwanza mtu aondolewe sabuni, atapata mafua," jirani akasema. "Nileteeni ndoo, nichote kwangu. Maji yangu ni ya moto mpaka sasa, na hita sijaiwasha tangu jana asubuhi."

Mkewe akaitoa simu sikioni.

"Tangu jana asubuhi?"

"Tangu jana asubuhi! Ndiyo nilikuwa nakwambia, yamepata akili. Zamani yalikuwa yakinibabua mpaka nachanganya ya baridi nusu kwa nusu. Siku hizi yanatoka kama yalivyo, unajimwagia tu. Na hayapoi! Unazima, unaondoka, unarudi, unayakuta yanakungoja."

Mke wa Sponji alimtazama Sponji. Shemeji alimtazama Sponji. Halafu shemeji akaburuta ngazi, akapanda, akawasha taa ya simu yake na kutumbukiza kichwa darini. Kikakaa huko kidogo. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Dada!" sauti ikashuka ikiwa imepasuka kwa kicheko. "Letu liko uchi kama lilivyozaliwa! La jirani ndilo limevaa mahameli! Hata kola linayo!"

"Tangi langu... tangi langu limevaa nini?" jirani akauliza.

Sasa, mtu wa kawaida hapo angeomba radhi. Lakini Sponji si mtu wa kawaida, ni mtu aliyetangaza mbele ya mkate kwamba hajawahi kuvisha akakosea, na pikapu ilikuwa ingali kwenye simu. Alisimama wima. Akapangusa povu kutoka jicho moja, akalikunja taulo vizuri kiunoni, na kwa sauti ya mhadhiri akasema:

"Kwani mlidhani nimekosea?"

Ndivyo walivyodhani wote.

"Nilikuwa nafanya majaribio! Mke wangu, wewe ni mtu wa dawa, hebu nisaidie kuwaelimisha hawa. Dawa mpya inatoka kiwandani, je, mtu anamkimbilia mkewe na kumnywesha siku hiyohiyo? Anaijaribu kwanza pembeni! Nikajisemea, ikiwa koti hili lina madhara, yampate nani? Yampate mke wangu mwenyewe? Kamwe! Nikachagua tangi la jirani kwa makusudi mazima. Moja nikalivisha na kulipunguzia joto. La kwetu nikaliacha uchi, hita inawaka kutwa, mtu anaoga asubuhi na jioni, ili tuone hasara inafikia wapi. Mnadhani nilikuwa napenda kuoga vile? Nilikuwa najitolea!"

"Alah!" jirani akasema, mkono kifuani.

"Na majibu si haya? Lililovaa, umeme unatembea gia ya kwanza, ni maneno ya jirani mwenyewe. La uchi, umeme umekwisha. Koti linafanya kazi! Mnataka kumchinja daktari siku aliyogundua dawa?"

Hapo ndipo jambo la ajabu likatokea. Mkewe alianza kukubali. Unaweza kuliona kwenye nyusi zake. Zilikuwa zimekutana katikati kwa hasira, sasa zikaanza kurudi kila moja nyumbani kwake. Alikuwa mtu wa haki, na ushahidi ulikuwa umesimama mbele yake na khanga begani.

"Ni kweli, dawa hujaribiwa," alisema polepole. "Ungeniambia lakini."

"Mgonjwa akiambiwa, majaribio yanaharibika."

"Hilo nalo ni kweli." Akafikiri. "Kwa hiyo ukilishonea na letu, ukalipunguza joto, hita ikawa inazimwa..."

"Inazimwa!"

"...na bomba la jikoni likakazwa..."

"Leo hii! Hata sasa hivi, na taulo hili!"

"...na Manowari ikawa ni ya Jumapili tu."

Sponji alimeza mate. "Ya Jumapili tu," akasema, kwa uchungu mtamu kama mtu aliyenyang'anywa shamba akaachiwa nyumba.

Mkewe akairudisha simu sikioni. "Kaka, bado upo? Ngoja kwanza kidogo. Inaonekana mume wangu si mjinga kama nilivyokueleza."

Shemeji, juu ya ngazi, alikuwa amefungua mdomo na hakuna kilichotoka; mara ya kwanza tangu ahamie. Sponji alimwangalia kwa jicho lake moja lisilo na sabuni, akamkonyeza. Ilikuwa asubuhi nzuri kuliko zote za maisha yake. Manowari imepona, jina limepona, na anatetemeka kwa baridi lakini ndani anawaka.

Na jirani, aliyeguswa mpaka machozi kwamba katika nyumba zote za mtaa ule, ni tangi lake lililochaguliwa kwa ajili ya sayansi, alisogea akamshika mkono wenye povu.

"Jirani, asante. Kumbe ni wewe! Na mimi Jumamosi ile nilikuwa bafuni, nikasikia mwanamume anaimba juu ya kichwa changu. Nikadhani ni redio yenu. Sauti unayo, usiiache. Kisha nyimbo zikaisha, nikasikia sasa ni mchezo wa kuigiza, maana anaongea kwa hisia hasa. Anasema, 'Haya, tangi langu, tangi la nyumbani kwangu, la jirani na lipigwe baridi huko, wewe umeokoa Manowari.' Mimi na sabuni yangu nikatulia nisikilize. Halafu nikasikia mabusu. Mwaa, mwaa. Halafu anasema, 'Na umependeza, haki ya Mungu. Umevaa kuliko mke wangu.' Nikacheka mimi! Nikasema, tamthilia za siku hizi zina maneno."

Povu lilidondoka kutoka kwenye sikio la Sponji likagonga sakafu, na likasikika.

"Limevaa kuliko nani?" mkewe akauliza, kwa upole kabisa, na bado simu ilikuwa sikioni.